Feloshipu ya utafiti si skolashipu

Wiki haipiti bila tangazo kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa Mbeya na Iringa: "Feloshipu za utafiti zimetoka, changamkieni!" Ukilifungua, ni ufadhili wa kusomea uzamili. Vijana wanakimbilia steshenari za Mwanjelwa kuskani vyeti, na yule dokta mwenye uzamivu (PhD) ambaye feloshipu ya kweli ingemfaa hafungui tena matangazo ya aina hiyo.

Feloshipu ya utafiti ni nafasi ya muda, aghalabu mwaka mmoja hadi mitatu, anayopewa mtu aliyekwisha kuiva kitaaluma, mara nyingi mwenye uzamivu, alipwe afanye utafiti akiwa chuoni. Hakai darasani na hatunukiwi shahada mwishoni. Anayelipiwa ada ili asome ana skolashipu. (Feloshipu ya kusali jioni kule kampasi ya Iyunga tuiache, haina ubishi.)

Hapo tunaelewana. Panapokorogeka ni kwenye kuitafuta, kwa sababu nafasi inayotangazwa na chuo na ile inayotolewa na mfadhili zinachukuliwa kuwa kitu kimoja. Ya chuo kwa kawaida ni ya mradi: profesa amepata fedha, swali la utafiti amekwisha kulipanga, anatafuta wa kulifanyia kazi. Hiyo unaiomba kama ajira nyingine yoyote. Ya mfadhili ni kinyume chake. Swali unalileta wewe, na mara nyingi chuo hakitangazi chochote. Feloshipu za Marie Skłodowska-Curie za Ulaya, kwa mfano, huombwi cheti tu. Unaandika andiko la utafiti pamoja na mwenyeji, yaani mtafiti wa chuo cha huko aliyekubali kukupokea, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi yake zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Feloshipu ya Humboldt ya Ujerumani nayo inataka mwenyeji kwanza.

Kwa hiyo anayeitafuta hii ya pili kwa kuchungulia kurasa za ajira za vyuo atazeeka pale. Chukua mtu aliyefanya uzamivu juu ya bakajani chelewa ya viazi, ugonjwa ambao mkulima yeyote wa Uyole au Njombe anaujua. Asome makala za miaka ya karibuni kuhusu ugonjwa huo, aone majina yapi yanajirudia, kisha ateremke hadi kwenye shukrani mwishoni, pale wanapotaja nani alitoa fedha. Hapo ana mwenyeji na mfadhili kwenye ukurasa mmoja. Barua ya kwanza iwe fupi: nimefanya hiki, nataka kuuliza hiki, maabara yako ina kifaa hiki, je, utakubali tuombe pamoja? Asiambatanishe cheti cha kidato cha nne. Wapo wanaofanya hivyo.

Kuna jingine la kuchanganya: katika taasisi za utafiti za baadhi ya vyuo vyetu, jina hilohilo kwa Kiingereza, "research fellow", ni cheo cha ajira, kinacholingana na mhadhiri. Anayekishika hakupata ufadhili, ameajiriwa.

Na wewe mdogo wangu mwenye shahada ya kwanza, unachokitafuta kina jina lake: kazi ya mtafiti msaidizi. Ukienda kuuliza kwenye mradi wowote pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, au chuoni, iulize kwa jina hilo, watakuelewa mara moja.