Kula Juu ya Paa la Mji Mkongwe: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

"Kule si kwetu, mwanangu, kule kwa wazungu." Ndivyo alivyonijibu shangazi yangu wa Chake Chake nilipomwalika chakula cha jioni kwenye mkahawa wa juu ya paa la nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja. Hofu yake kubwa ilikuwa uma na kisu.

Ati ukila kwa mkono utachekwa. Hakuna. Tulivua viatu, tukaketi kwenye mito, kijana akaja na birika na tasa: "Shikamoo, bi mkubwa." Akammiminia maji mikononi. Shangazi akanigeukia: "Kumbe kama sikukuu nyumbani!" Uma ulikuwepo, hakuugusa.

Ati kumbi zile ni nyembamba kwa uchoyo wa nafasi. Asiyejua nyumba za mawe ndiye husema hivyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo kwa kawaida hazivuki sana mita 3, basi chumba hurefuka tu, hakipanuki. Mwenye mkahawa atazipanga meza kwa kuifuata boriti, apende asipende. Na akipiga saruji juu ya chokaa ili ukuta ung'are, unyevu hunaswa ndani na plasta huanza kubanduka.

Njumu za shaba mlangoni kuzuia tembo? Hayo husimuliwa kuhusu milango ya India. Unguja tembo wa kuvunja milango hakuna; ni pambo, na kuonesha uwezo wa mwenye nyumba.

Ati chakula chetu ni kikali. Viungo si pilipili! Iliki, mdalasini na karafuu hunukisha pilau; ukali umo kwenye kibakuli cha achari pembeni, ujitilie mwenyewe. Tena karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na kilimo chake kikashamiri huku karne ya 19. Hapo shangazi, aliyechuma karafuu tangu utotoni, alikataa kabisa. "Mkarafuu ulipanda chombo? Nani kakudanganya?"

Ati bei ni ghali. Hili si dhana potofu. Ulizia kabla hujaketi.

Pweza wa nazi shangazi alimsifu, tui alisema jepesi. Kisha akamwita yule kijana, akamnong'oneza. Kijana akashuka jikoni mbio, akarudi na kisahani cha ukoko wa wali, bado moto.