Hajasimama dede: anza na kigoda, siyo kumvuta mikono

Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokaza, watoto wanaoletwa kwenye chumba chetu cha mazoezi huja wamefungwa hasa: fulana, sweta mbili, suruali nzito, soksi, viatu, kofia, halafu mbeleko juu yake. Kazi yetu ya kwanza huwa kuvua. Mama hushtuka, na bibi aliyemsindikiza hushtuka zaidi. Lakini mtoto wa miezi 10 aliyevalishwa hivyo hawezi kukunja goti vizuri, na asiyekunja goti hawezi kuinuka.

Wazazi wengi wanaouliza kwa nini mtoto hajasimama dede hutuonyesha miguu. Sisi tunaanza kutazama juu: shingo imekaza? Akiketi bila kuegemea, anaweza kugeuka kuchukua kitu pembeni asianguke? Kiwiliwili na nyonga zikiwa bado legelege, miguu peke yake haimsimamishi, hata iwe minene namna gani.

Kuhusu umri, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Karibu wote walisimama bila kushika kitu kati ya miezi 7 na miezi 17. Kusimama kwa kushikilia kulikuja mapema zaidi, na wengi walikuwa wamefika hapo kabla ya miezi 11 na nusu. Asilimia 4 hivi hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mtoto wa miezi 11 asipimwe kwa mtoto wa jirani. Aliyezaliwa njiti naye ana hesabu yake: kama alitangulia kwa miezi 2, akifikisha miezi 12 mtazame kama wa miezi 10.

Sasa kigoda. Kile kile cha jikoni kinatosha, au paja lako ukiwa umeketi chini. Mkalishe mtoto nyayo zote mbili zikigusa sakafu, magoti yamekunjwa. Mbele yake, juu ya kochi, weka kitu anachokitamani. Mfuniko wa sufuria mara nyingi huushinda mdoli wa dukani. Shika nyonga zake, usimshike kwapani wala mikononi. Kisha subiri. Atainama mbele mpaka kichwa kipite vidole vya miguu, makalio yatanyanyuka, na atasukuma. Kule kuinama ndiko anakojifunza kuhamishia uzito wake miguuni. Ukimvuta mikono unamnyima hatua hiyo, maana mwili unarudi nyuma, miguu inakakamaa, na anachojifunza ni kuinuliwa. Mara 5 asubuhi na mara 5 jioni zinatosha kuanzia. Akichoka au akilia, acha, mtarudia baadaye.

Akishaweza kusimama ameshika kochi, sogeza ule mfuniko pembeni kidogo kidogo. Ili aufuate itabidi aegemee mguu mmoja na kuuachia mwingine. Baada ya hapo mwegemeze ukutani, visigino vikiwa mbele kidogo ya ukuta, umpe chungwa kubwa alishike kwa mikono miwili. Mikono ikiwa na kazi, husahau kutafuta pa kushika. Mgongo ukiachana na ukuta kwa sekunde mbili tatu, hiyo ndiyo dede yenyewe.

Mfundisheni pia kushuka, jambo ambalo nyumba nyingi hulisahau. Wapo watoto wanaosimama vizuri kabisa kisha wanaanza kulia, tunadhani miguu inauma, kumbe hawajui namna ya kukaa. Weka kitu sakafuni karibu na mguu wake, umwongoze nyonga akunje magoti taratibu. Anayejua kushuka haogopi kupanda.

Haya yote afanye pekupeku, maana vidole vinahitaji kuishika sakafu. Kama saruji ni ya baridi, kama ilivyo nyumba nyingi za Uyole na Tukuyu, tandika mkeka na blanketi moja chini yake. Godoro halifai, linadidimia. Na mtoto aliyeanza kuinuka hushika chochote: ondoa kitambaa cha meza kinachoning'inia, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa.

Mbeleko sina ugomvi nayo. Miguu ikitanuka kuzunguka kiuno cha mama, nyonga za mtoto hukaa mkao mzuri. Shida ni akishinda mgongoni kutwa nzima. Kile kigari cha magurudumu, woka, nashauri msinunue. Hakiharakishi kutembea, mtoto huning'inia na kusukuma kwa ncha za vidole, na kwenye nyumba zetu zenye miteremko na ngazi anaweza kubiringika. Kanada imepiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004. Wengine huja baada ya kumsimamisha mtoto kwenye shimo na kumzungushia udongo. Siwalaumu, walikuwa wakitafuta msaada. Ila shimo linambeba mtoto, na yeye hajifunzi kujibeba.

Yapo mambo ambayo kigoda hakiyatoshi. Usisubiri ikiwa mtoto hajaketi mwenyewe akiwa na miezi 9, au amefikisha mwaka na hasimami hata kwa kushikwa. Njoo mapema pia kama miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, kama mwili ni mlegevu, kama anasimamia vidole tu, anatumia mkono mmoja peke yake, au amepoteza kitu alichokwisha kukiweza. Aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, aangaliwe hata kabla ya dalili. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na katikati ya tarehe hizo ndipo watoto wengi husimama. Kila unapompeleka kupima uzito, mwambie muuguzi anachoweza na asichoweza.

Ukija kwetu, mlete akiwa ameshiba na hana usingizi. Uje pia na anayeshinda naye mchana, awe bibi au dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa na kile kigoda kila siku.