Mtoto anataka kucheza dansi baada ya masomo: maswali ya wazazi

Dansi ni mazoezi kweli, au ni kujifurahisha tu?

Ni mazoezi. Mtoto akiruka, akizunguka na kupiga hatua za haraka, moyo wake huenda mbio kama wa anayekimbia, na kule kuruka na kutua huimarisha mifupa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli za kuchangamsha mwili. Takwimu zake za 2016 zilionyesha kuwa vijana wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma zaidi.

Basi kipindi cha saa moja kinatosha?

Mara nyingi hapana. Kaa utazame kipindi kimoja: mwalimu anaonyesha hatua, watoto wamesimama; kundi la kwanza linacheza, la pili limeegemea ukuta likingoja zamu; muziki unazimwa, mkono wa mmoja unarekebishwa. Jasho hapo ni la dakika chache. Jijini Bristol, Uingereza, wasichana wa miaka 11 na 12 walipewa vipindi vya dansi baada ya masomo mara mbili kwa wiki, kwa wiki 20, lakini baadaye hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa shughuli za mwili. Kwa hiyo mwombe mwalimu awachezeshe wote kwa pamoja, na siku zisizo na dansi mtoto aendelee kukimbia na kucheza nje.

Kama ni hivyo, faida yake kubwa ni ipi?

Hamasa, kwa maoni yangu. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba mtu hudumu na jambo pale anapojiamulia mwenyewe, anapojiona analiweza, na anapojisikia yuko na wenzake. Mtoto anayeachwa nyuma kila mbio za shule hujifunza kuchukia mazoezi. Kwenye dansi hakuna wa mwisho. Mwambie atunge hatua nane zake mwenyewe, kisha kundi zima lizifuate: utamwona nyumbani akizirudia mbele ya kioo bila kutumwa.

Anaona haya. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Mwache aje kutazama kwanza, achague mtindo, aje na rafiki.

Nichunge nini?

Apashe mwili moto, anywe maji. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Goti au kifundo kikiuma siku kadhaa, apumzike na aonwe na mhudumu wa afya.