Hatufuti kumbukumbu jamani

Nimepigiwa simu tena, "nasikia unafanya ile tiba ya macho, naomba unifutie ile siku." Jamani! Kichwa cha mtu hakina pa kubonyeza kikafuta.

Hiyo tiba ya macho inaitwa EMDR, ni tiba ya kisaikolojia ya kumbukumbu zinazoumiza, unaikumbuka ile kumbukumbu huku macho yanafuata vidole vya mtaalamu. Aliianzisha mwanasaikolojia Francine Shapiro, mwaka 1987 alikuwa anatembea akaona macho yake yakienda huku na kule, mawazo yanayomsumbua yanapungua makali. Ina hatua nane, na macho yanaingia kuanzia ya nne. Kabla ya hapo ni historia yako, kufundishwa kujituliza, kuchagua kumbukumbu ya kushughulikia. Anayekurukia kwenye kidonda siku ya kwanza mkimbie.

Sasa hili la kufuta. Nilikuwa na mteja wa ajali ya gari, nikamuuliza inakuumiza kiasi gani, 0 mpaka 10, akasema 10, mikono imekamata kiti kama kashika usukani. Nikapitisha vidole mbele ya macho yake kama nusu dakika hivi, nikasimama, "vuta pumzi, nini kimekuja?" Mlio wa breki. Tukaendelea. Taa. Tukaendelea, mara akasema kuna mtu alinishika bega akaniambia usilale. Hilo la bega alikuwa hajawahi kumsimulia mtu yeyote! Niambieni hapo tumefuta au tumeongeza? Vikao kadhaa mbele anaisimulia ajali mwanzo mwisho, breki ipo, vioo vipo, ila mikono imetulia mapajani na namba imeshuka mpaka 1. Ajali imekuwa kitu kilichopita, haimtokei upya kila akisikia honi.

Na siyo kulazwa usingizi, uko macho muda wote, ukisema basi naacha.

Kwa nini macho yasaidie? Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba akili haiwezi kushika vingi kwa wakati mmoja, ukiibeba ile picha huku unafuata vidole, picha inafifia. Lakini watafiti wanabishana mpaka leo, wengine wanasema kinachotibu ni kule kuirudia kumbukumbu ukiwa salama tu, na kuna siku mimi mwenyewe napitisha vidole huku najiuliza. Kwamba inasaidia sina wasiwasi, hata Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 kwa PTSD, yaani ule msongo unaobaki kwa mtu baada ya tukio la kutisha.

Yule wa simu nikamwambia siku yenyewe utabaki nayo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "na usingizi je?" Nikamwambia hilo sasa njoo tulifanyie kazi.