Je, wajua kwa nini chini ya bati kunachoma ila chini ya mwembe kuna ubaridi, wakati vyote ni kivuli?

Chukua shule yoyote yenye banda la bati pale uwanjani, lile la watoto kunywea uji, halafu pembeni kuna mwembe mkubwa. Saa saba mchana utawakuta watoto wote wako chini ya mwembe, banda liko tupu, na walimu nao wamehamishia viti hukohuko. Jua haliwapigi wala huku wala kule, upepo ni uleule, sasa mbona wanalikimbia banda lililojengwa kwa michango ya wazazi?

Wengi watakwambia hewa ya chini ya mti ni ya baridi. Ina ukweli kiasi, ila kama banda liko wazi pande zote, ukipima hewa yenyewe tofauti inakuwa ndogo tu, maana upepo unaipitisha huku na kule. Kinachokuchoma ni bati lenyewe. Kitu chochote kikishapata moto kinatupa joto kwa mionzi, huioni kwa macho ila ngozi inaipata, ndo kile unachokisikia ukisogeza mkono karibu na pasi bila kuigusa. Na bati kwenye jua kali la mchana linaweza kupita digrii 60, halafu fundi kalipaua chini chini kuokoa nguzo, yani kichwa chako na hilo bati havijaachana hata mita mbili. Likishika kutu ndo balaa zaidi, linakunywa jua jingi na linatema joto jingi.

Sasa mti unafanyaje? Majani yanatoa maji kupitia vitundu vidogo sana, na yale maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Hapa ndo pananishangaza kila nikipafikiria: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara 7 ya lile la kuyatoa hayo maji kwenye hali ya kawaida hadi yaanze kuchemka. Na mti mkubwa wenye maji ya kutosha ardhini unaweza kutoa lita mia na zaidi kwa siku moja. Alafu majani yamepangana tabaka kwa tabaka, yale ya juu ndo yanayopigwa na jua, ya chini yako kivulini tayari, kwahiyo ukiinua macho unatazamana na majani ambayo joto lake halipishani sana na la hewa, hayana cha kukuchoma.

Makuti hayatoi maji ila yana njia yake. Katikati ya zile tabaka kuna hewa iliyonasa, joto linapita kwa shida sana, kwahiyo juu panaungua na chini pako poa. Na mvua ikinyesha mwalimu anaendelea kufundisha, wakati kwenye bati inabidi anyamaze mpaka ipite. Shida ya makuti ni moto, na kila baada ya miaka kadhaa lazima uezeke upya.

Bati nalo tusilitukane, ni jepesi, linadumu, linapatikana kila duka la vifaa. Hili la migongo lilianzia London mwaka 1829, injinia wa bandarini Henry Robinson Palmer ndo alilipatia hataza, yani haki ya mvumbuzi, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuezeka mabanda ya bandari, sio kufunika darasa la watoto huku kwetu karibu na ikweta.

Jamaa aliyelitumia bati kwa akili kweli kweli ni Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso. Kijijini kwao Gando alijenga shule ya msingi ikakamilika 2001, akaweka dari ya matofali ya udongo yenye matundu, halafu bati akalinyanyua juu kabisa kwenye kenchi za nondo, katikati kukabaki uwazi mkubwa. Bati linaungua lenyewe huko juu, upepo unapita katikati unalipoza, hewa ya moto ya darasani inapanda inatokea kwenye matundu, na lile joto la bati linaishia kwenye dari halimfikii mtoto. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya dunia ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kazi yake ipo hata Kenya, chuo cha teknolojia kule Turkana chenye minara mirefu kama vichuguu vya mchwa, ya kutolea hewa ya moto.

Kwahiyo kama shuleni kwenu au nyumbani mnapanga kuweka banda, mwambieni fundi anyanyue paa, aache uwazi pale kwenye kofia, yani kileleni mwa paa, ili hewa ya moto itoke, bati lipakwe rangi nyeupe kwa juu. Mkipata hela weka dari hata ya mikeka au mianzi, ila iachane na bati. Turubai la plastiki lililofungwa chini chini linanasa joto, bora neti nyeusi ya bustani kwasababu inapitisha hewa. Na miti pandeni upande wa magharibi, maana kuanzia saa tisa jua linashuka na kuingia kwa ubavuni, hapo paa hata liwe zuri vipi haliwezi kulizuia.