Majina kwenye muziki wa luti wa karne ya 16: dhana potofu na ukweli

Dhana: Jina lililo kwenye kichwa ni la mtu aliyetungiwa kipande hicho tangu mwanzo.

Mara nyingi jina lilibandikwa baadaye. Chukua Galiadi (muziki wa ngoma ya kuruka ya zama hizo) ya Earl of Essex, mkabaila wa Uingereza, iliyotungwa na John Dowland, Mwingereza mpiga luti (ala ya nyuzi ya kudonolewa). Muziki huohuo ulichapwa London mwaka 1597 kama wimbo, "Can she excuse my wrongs", pasipo kumtaja Essex. Essex alikatwa kichwa 1601, Malkia Elizabeth akafariki 1603, na mwaka uliofuata Dowland akauchapa tena katika kitabu chake cha muziki *Lachrimae*, safari hii ukiwa na jina la Essex. Kichwa, basi, hueleza nani alikuwa akienziwa nakala ilipotoka; usikitumie kukisia mwaka wa utunzi.

Tabaruku ya kitabu (jina la aliyetunukiwa kitabu kizima) nayo ni jambo jingine kabisa. *Lachrimae* kilitabarukiwa kwa Malkia Anne, mke wa Mfalme James I wa Uingereza, lakini ndani yake mna galiadi ya ndugu yake, Mfalme Christian IV wa Denmark, mwajiri wa Dowland wakati huo, na nyingine ya Kapteni Digory Piper, aliyekuwa haramia.

Dhana: "Johnson" chini ya kipande ni mtu mmoja.

Ni watunzi wawili wa luti: John, aliyefariki 1594, na mwanawe Robert, aliyezaliwa karibu 1583. Nakala iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1590 haiwezi kuwa ya Robert, kwa kuwa alikuwa bado mtoto. Nakala ya baadaye haithibitishi lolote, maana wanakili waliendelea kunakili vipande vya zamani.

Dhana: Nakala zikitofautiana, watunzi ni tofauti.

Galiadi kwa kawaida ina sehemu tatu, kila moja ikirudiwa kwa mapambo. Marudio hayo ndiyo wapigaji na wanakili waliyabadilisha watakavyo. Linganisha kwanza sehemu zisizopambwa, hasa besi (sauti ya chini). Kabla ya hapo, geuza tabulatura (maandishi yanayoonyesha uzi na mahali pa kuubana) kuwa noti: ya Kifaransa hutumia herufi (a ni uzi usiobanwa), ya Kiitaliano hutumia tarakimu, na mistari yake imepinduliwa, uzi mnene ukiwa juu. Ukilinganisha kwa macho tu, utakosa kutambua kipande kilekile.

Dhana: Jalada la santuri linatosha kuthibitisha mtunzi.

"Canzona" maarufu ya Francesco da Milano (1497–1543) haimo katika chapa wala mswada wake wowote. Ilitungwa na Mrusi Vladimir Vavilov, na santuri iliyomtaja Francesco kuwa mtunzi ikatoka karibu 1970. Dai lolote la namna hii lazima litaje namba ya mswada na ukurasa wake.