Kibarua wa Malindi na Likizo Anayoambiwa Hana

Kila kusi, upepo wa msimu wa watalii wachache, inapoingia na hoteli za Malindi kuanza kupunguza watu, kauli moja husikika milangoni: "Wewe ni kibarua, na kibarua hana likizo wala notisi." Imerudiwa mno hata vibarua wenyewe wameiamini.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Kibarua, kwa mujibu wake, ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mtu aliyemenya viazi katika jiko lilelile tangu Desemba hadi Aprili, akipokea ujira wake mkononi kila jioni, hayumo tena katika maelezo hayo. Siku zake mfululizo zikifika mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Akitimiza miezi miwili, hupata haki zilezile ambazo angezipata kama asingeanza kwa kibarua. Wapo wanaodai kwamba ofu ya kila wiki hukata mfululizo huo, dai ambalo naliona kuwa ujanja mtupu, kwa kuwa sheria imetamka wazi kwamba siku ya mapumziko na sikukuu huhesabiwa ndani yake.

Wengine hudhani likizo ni hisani ya bosi, itolewayo akiwa na furaha. Ukweli ni kwamba ni siku 21 za kazi, zenye malipo kamili, kwa kila miezi 12. Na anayeachishwa kabla ya mwaka kutimia, akiwa amemaliza angalau miezi miwili, hudai siku 1.75 kwa kila mwezi aliofanya. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu, baba wiki mbili.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba asiye na barua ya ajira hana kesi. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuandika mkataba, na asipouleta mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye. Kwa upande wa mfanyakazi, daftari la mlinzi lenye saa za kuingia na kutoka, au ujumbe wa M-Pesa wa malipo, vyaweza kusema mengi. Jambo la kuchunga ni muda tu: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi wa serikali ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo aliyeachishwa Aprili, akingoja kaskazi, msimu wa watalii wengi, irudi huenda akaitwa tena, atakuwa amechelewa.